Mafiga ya Sumaiya

Jumatano asubuhi, chai ikiwa bado haijachemka, Sumaiya alisikia maneno mawili yaliyomfanya amwage maziwa. Mama mkwe wake, Bi Kulthum, alikuwa ameshika simu kwa mkono mmoja na mwiko kwa mkono wa pili, akiongea kwa ile sauti ya watu wanaoamini kwamba Likuyani ni mbali na simu haifiki huko bila kusaidiwa.

"Fauzia! Basi ni Jumamosi! Usikose!" Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. "Eeh, ni mambo ya huyu mtoto. Eeh. Wakati umefika."

Wakati umefika! Maziwa yakamwagikia majivuni, moto ukalia tss, na Sumaiya akainama haraka kujifanya anapangusa. Kumbe alikuwa anaficha uso, maana meno yote yalikuwa nje.

Ngoja nikueleze, la sivyo utadhani msichana huyu ana kichaa cha kufurahia simu za watu. Fauzia ni senge, yaani shangazi wa mumewe, dada wa marehemu baba mkwe. Na katika boma hili la Ekero, senge haitwi kutoka Likuyani kuja kunywa chai. Huitwa kukiwa na jambo. Umar, kaka mkubwa, yuko Nairobi na familia yake. Bilal, mume wa Sumaiya, ameshaoa, hana msiba, hajagombana na mtu. Jambo lililobaki ni moja tu, nalo Sumaiya alikuwa amelingoja miezi kumi na minne kwa kuhesabu kwa vidole: mafiga.

Kwa watu wa boma hili, mke mpya hapiki kwake. Anapika kwa mama mkwe, kwa moto wa mama mkwe, mpaka siku mama huyo atakapoamka mwenyewe, abebe mawe matatu kwa mikono yake, ayapande katika jiko la bibi harusi na awashe moto wa kwanza, senge akiwa amesimama hapo anatazama. Bibi harusi anapika, mama mkwe anaonja wa kwanza, basi. Kuanzia hapo wewe ni mwenye jiko. Kabla ya hapo wewe ni mgeni tu, hata kama umeolewa kwa kadhi na sherehe ya siku tatu. Wengine hupewa baada ya mwezi. Wengine hungoja mpaka mtoto wa kwanza atambae. Huulizi wala huombi, na usiku unalia kidogo kama una machozi.

Sitaki kumsingizia Bi Kulthum. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumtukana Sumaiya, na siku Sumaiya alipougua malaria alimkandakanda usiku kucha akimsomea dua. Lakini jikoni? Yallah! Jikoni alikuwa serikali. Alijua kila ukuni umekaa wapi. Sumaiya alisonga obusuma, yaani ugali, alichambua mboga akazibandika, aliosha masufuria mpaka yakang'aa, lakini chumvi hakutia hata siku moja. Miezi kumi na minne, chumvi ilitiwa na Bi Kulthum peke yake, anashika kwa vidole vitatu, anarusha, anafunika. Ukitaka kufunua uone, anakwambia, "Wacha. Iko sawa."

Na cha kumkata maini zaidi ni kwamba mboga zenyewe zilikuwa za Sumaiya. Nyuma ya nyumba yao, kati ya ukuta na shamba la miwa la jirani, alikuwa na bustani yake: mrenda, saga, kunde, mitoo, na kipande cha dania alichokilinda kuliko dhahabu. Alikuwa akipalilia alfajiri kabla ya jua kuchoma. Bilal alikuwa akimchekelea kwamba anaongea na kunde. Ndiyo, aliongea nazo. Aliziambia, "Kueni tu, siku moja nitawapika mimi." Kisha anazichuma, anazipeleka kwa Bi Kulthum, zinatiwa chumvi na mtu mwingine.

Jiko lake lilikuwa tayari tangu mwezi wa pili wa ndoa. Bilal ni fundi wa kujenga, mikono yake haitulii. Alikandika kuta za udongo, akaezeka mabati, akaweka dirisha la kutolea moshi. Kisha likakaa hivyo hivyo, tupu, mwezi baada ya mwezi, mpaka kuku wa Bi Kulthum akaona ni mahali pazuri pa kutagia mayai. Sumaiya alikuwa akipita pale mlangoni akimwona yule kuku amejikalia katikati ya jiko lake, moyo unamwuma. Hata kuku amepewa!

Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumatano hakunywa chai. Alikwenda mbio hadi uani kwa Beldina, jirani yake, mzaliwa wa Malinya aliyeolewa hapa Ekero, mwanamke ambaye kicheko chake husikika hadi barabarani.

"Beldina! Senge anakuja Jumamosi!"

Beldina akaacha kufua. "Senge wa Likuyani?"

"Huyo huyo! Mama amesema wakati umefika!"

"Woyee!" Beldina akapiga kigelegele pale pale, povu mikononi. Sumaiya akamrukia kumziba mdomo. "Nyamaza, wewe! Mama atasikia."

"Asikie! Mimi nilipopewa yangu kwa mama mkwe wangu, nilipika obusuma mpaka ukaungua, nikawapa hivyo hivyo. Na wakakula. Siku hiyo hakuna anayekataa." Akamtazama Sumaiya kuanzia utosi hadi kisigino. "Lakini wewe ushike akili. Ukifurahia hivi utapika sufuria na kifuniko."

Jioni Bilal aliporudi kutoka kazini na vumbi la saruji mpaka kwenye kope, alikuta mkewe anamngoja njiani. Alimweleza yote kwa pumzi moja. Bilal akamwinua juu, akamzungusha, huku akichungulia upande wa nyumba ya mama yake asije akaonekana.

"Basi lazima tujiandae," alisema. "Jiko haliwezi kukaa vile. Mama akiingia akute mambo."

"Mambo gani?"

Bilal akatabasamu tabasamu la fundi aliyeona ukuta. "We ngoja."

Na hapa, ndugu zangu, ndipo watu wawili wenye akili timamu walipofanya jambo ambalo hata yule kuku angewakataza. Bilal alikuwa amejifunza kujenga yale majiko ya kisasa ya kuokoa kuni, ya udongo na matofali, yanayopakwa saruji juu, yenye tundu mbili za sufuria na mlango mmoja wa kuni. Alishawajengea watu Mumias na Matungu. Mwalimu mmoja alilipiga picha la kwake akalituma kwa kila mtu. Sasa Bilal akawaza: mke wa fundi apike kwa jiko la mtu wa zamani, lenye moshi wa kukohoza? Hapana. Mama akija na baraka zake, akute jiko limesimama, limeng'aa, afurahi mpaka alie.

Sumaiya naye hakuuliza swali hata moja. Alizaliwa mjini Mumias, kwao walipikia makaa na gesi, na mambo ya mafiga aliyajua kwa kuambiwa tu. Alichokijua ni kwamba anataka jiko, na huyu hapa mumewe anamjengea jiko. Alhamisi alikanda udongo kwa miguu huku akiimba. Ijumaa, Bilal alipotoka msikitini, alipaka saruji, na Sumaiya akamshikia taa ya simu ili aone pembe. Walifunika mlango kwa gunia. Bi Kulthum hakuona kitu, kwa sababu mama mkwe haingii katika jiko jipya mpaka siku yenyewe. Yule kuku alifukuzwa na mayai yake. Mwishoni Bilal akachukua msumari, akachora herufi S ubavuni mwa jiko, saruji ikiwa mbichi.

"Ndiyo hii," akasema. "Hata miaka hamsini."

Sumaiya alilitazama akahisi machozi. Lilikuwa zuri, wallahi. Laini, la kijivu, pembe zake zimekatwa vizuri. Usiku huo hakulala, alipika kichwani. Atapika mrenda na kunde, atatia ile chumvi ya majivu ya maganda ya maharagwe ili zilainike, atapika ingokho, kuku wa kienyeji, kwa dania na nyanya, na obusuma wa mtama. Na chumvi atatia yeye.

Jumamosi, saa nne hivi, pikipiki ikaingia uani na Senge Fauzia mgongoni mwake, ameshika gunia la mahindi mbele na jogoo mwekundu kwapani. Mwanamke mrefu, mkavu, na ulimi usio na likizo.

"Asalaam aleikum! Yuko wapi bibi yetu?"

"Waaleikum salaam, Senge," Sumaiya akasema, akapiga magoti kidogo, akampokea jogoo.

Senge akamtazama. "Umekonda. Huyu Kulthum anakulisha nini, maji ya mrenda?"

"Anakula vizuri!" Bi Kulthum akajibu kutoka jikoni kwake. "Ni furaha inamkondesha. Siku tatu hawezi kumeza kitu, anadhani mimi sioni."

Wanawake wakacheka, na Sumaiya akatamani ardhi impasukie kwa aibu na raha. Beldina alikuwa ameshafika. Majirani wengine wawili watatu walikuwa wameshafika. Bilal alikuwa akizungukazunguka nje ya jiko jipya, ameweka mikono mgongoni, kifua mbele kwa furaha.

Baada ya swala ya adhuhuri, Bi Kulthum akatoka. Alikuwa amevaa leso mpya, ametia wanja, na kichwani alikuwa na karai. Ndani ya karai mlikuwa na mawe matatu. Mawili alikuwa ameyachukua mtoni mwenyewe, akayasugua. La tatu lilikuwa jeusi tititi kwa masizi, maana amelitoa katika jiko lake mwenyewe, moto wa miaka thelathini na mitano. Alipita uani polepole, shingo imenyooka, na wanawake wakamfuata kwa vigelegele. Sumaiya alikuwa nyuma yake. Hii ni yangu, alijiambia. Leo ni yangu.

Bilal akavuta gunia kwa mkono mmoja. "Karibu, Mama!"

Vigelegele vikakatika.

Bi Kulthum alisimama kizingitini na mzigo wake kichwani. Akalitazama lile jiko la saruji. Lilikuwa limejaza sakafu nzima ya pale katikati. Hata pa kuweka kikombe hapakuwa.

"Hii ni nini?"

"Mama, hili ni jiko la kisasa," Bilal akaanza, bado anatabasamu, maskini. "Halili kuni nyingi, halina moshi, ukiweka sufuria mbili kwa pamoja…"

"Nimeuliza hii ni nini."

Tabasamu la Bilal likaanza kushuka. Akamtazama mkewe. Sumaiya alikuwa ameona mawe yale matatu, hasa lile jeusi. Mahali pa kuyaweka hapakuwapo. Hakuna aliyewaza! Siku mbili za kukanda na kupaka, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza mawe ya mama yatakaa wapi.

"Kwa hivyo mmeshajiwekea," Bi Kulthum akasema. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Mwanamke anayejiwekea jiko mwenyewe ni yule mama mkwe wake amekufa. Mnanizika nikiwa nimesimama?"

"Mama, aki hatuku…" Sumaiya akaanza.

Bi Kulthum alitua karai chini, taratibu, nje ya mlango. Akageuka, akarudi jikoni kwake, akafunga mlango.

Hapo Senge akafungua mdomo. Ewe Mola! "Wewe Bilal! Mwanaume mzima, mikono yako inatafuta nini mahali pa moto? Baba yako alijenga nyumba nne katika boma hili, hakuwahi kugusa figa! Na wewe," akamgeukia Sumaiya, "ulikuwa wapi? Ulikuwa unamshikia taa?"

Sumaiya akafumba macho. Ndiyo, alikuwa anamshikia taa.

"Mimi kesho asubuhi narudi Likuyani," Senge akaendelea. "Mahindi yangu yako shambani, nyani hawaningoji. Kulthum asipoweka leo, mpaka nirudi baada ya mavuno. Ukitaka kujua ni lini, hesabu."

Sumaiya akahesabu. Miezi mitano. Miezi mingine mitano ya kupeleka kunde kwa mwingine. Lakini, na hili nataka ulijue, haikuwa miezi iliyomwuma zaidi. Ilikuwa lile jiwe jeusi ndani ya karai. Bi Kulthum alikuwa ameling'oa kutoka kwa moto wake mwenyewe ili ampe, naye akamkuta na saruji.

Akageuka, akaenda nyuma ya nyumba, bustanini, akarudi na jembe.

"Sumaiya," Bilal akasema. "Sumaiya, ngoja kwanza. Sumaiya, hiyo saruji…"

Pa! Jembe likazama kwenye saruji ambayo ilikuwa bado haijakauka sawasawa. Pa! Tundu la kwanza likaporomoka. Bilal akashika kichwa kwa mikono miwili. "Siku mbili! Siku mbili zangu!" Sumaiya hakusikia. Alipiga, akapiga, jasho likimtoka, leso ikamfunguka akaifunga akaendelea, na ile herufi S ikakatika katikati ikaanguka na tofali lake. Beldina, mlangoni, alikuwa ameziba mdomo kwa viganja, mabega yanatikisika. Hata leo anaapa alikuwa analia. Mwongo, alikuwa anacheka.

Senge alitazama mpaka mwisho. Kisha akavua viatu, akaingia, akachukua ufagio. "Haya, nyie mnangoja nini? Toeni hayo matofali. Na wewe fundi, acha kukaa chini kama mfiwa, kamata yule jogoo, kazi ya mwanaume leo ni kisu."

Sumaiya, vumbi jeupe mpaka kwenye nywele, akavuka ua. Akabisha mlango wa jiko la mama mkwe.

"Hodi, Mama."

Akasukuma, akaingia. Bi Kulthum alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mbele ya jiko lake. Mafiga mawili meusi, na pale lilipong'olewa la tatu palikuwa na shimo dogo kwenye majivu. Moto haukuwapo.

Sumaiya akapiga magoti. "Mama, nimelivunja."

"Umevunja nini?"

"Lile jiko."

"La saruji?"

"Lote."

Bi Kulthum akamtazama, vumbi lile, jasho lile. "Bilal amesemaje?"

"Amekaa chini."

Midomo ya Bi Kulthum ikacheza. Alijaribu kuizuia, ikamshinda, akacheka kwa pua, kisha akacheka kweli, mpaka akajipangusa macho kwa ncha ya leso. Lakini machozi hayakukoma hata kicheko kilipokoma, na Sumaiya akaogopa.

"Mama, nisamehe. Wallahi hatukufikiria."

"Nimekusamehe tangu uko mlangoni. Si hilo." Akashika kijiti, akachora kwenye majivu. "Unajua kwa nini nimechelewa kukupa? Watu wa huku wanasema hujui kupika. Uongo. Mrenda yako imenishinda tangu mwezi wako wa tatu hapa, ndiyo maana nilikuwa nakutilia chumvi, ili na mimi niwe na kazi." Akafuta alichochora. "Baba yao aliondoka. Umar akaenda Nairobi, na mke wake. Bilal alikuwa anakulanga kwa kazi, anarudi ameshiba. Hii jiko ilinyamaza miaka minne, mwanangu. Nilikuwa naweka sufuria ndogo ile, ya yai moja. Kisha ukaja wewe na maneno yako mengi, unaniuliza hii ni nini, na hii je, unaimba vibaya vile unaimbaga. Nikasema, wacha akae kidogo. Kidogo ikawa mwaka. Nikikupa moto wako, mimi nitakula na nani?"

Miezi kumi na minne Sumaiya alidhani anapimwa. Kila jioni aliyorudi kwake akinung'unika, huyu mama alikuwa akifurahia sauti yake. Alitaka kusema, basi Mama, nitabaki. Lilimfika ulimini, haki ya Mungu. Lakini Bi Kulthum akainuka kabla halijatoka, akakung'uta leso.

"Lakini nimeona leo, mke anayeweza kumvunjia Bilal saruji yake, huyo amekomaa. Twende. Senge wako akikasirika mara ya pili tutahama sisi wote."

Wakatoka pamoja. Na vigelegele, jamani! Beldina alianza, wengine wakapokea, mpaka wakata miwa wa jirani wakasimama na panga zao kutazama. Bi Kulthum akabeba karai kichwani upya, maana alikataa kuanzia katikati. Akaingia katika lile jiko lililofagiwa, akapiga magoti, akachimba vishimo vitatu kwa ncha ya panga. Akapanda la kwanza, la pili. Lile jeusi akaliweka upande wa mlango, akalisukuma kwa kiganja mpaka likatulia.

"Senge, umeona?"

"Nimeona. Limekaa pembeni kidogo kama mdomo wa fundi wetu pale nje, lakini nimeona."

"Bismillahi," Bi Kulthum akasema, akawasha. Moshi ukapanda, ukazunguka, ukapata dirisha. Akainuka, akamshika Sumaiya mabega, akamweka mbele ya moto. "Haya. Pika."

Akapika! Alikwenda bustanini akikimbia, akarudi na mrenda na kunde na dania tele. Jogoo wa Likuyani akachinjwa, akaandaliwa, akatiwa sufuriani. Obusuma ukasongwa, mwiko ukigonga ubavu wa sufuria. Sumaiya alikuwa akicheka peke yake, macho yamejaa moshi. Na wakati wa chumvi ulipofika alishika kwa vidole vitatu, akarusha. Akasimama kidogo kuufurahia wakati ule. Kisha Beldina akamwita, Senge akamwuliza kitu, akageuka, akarudi, na kwa wingi wa raha akasahau kama ametia. Akatia tena.

Wakaketi. Bi Kulthum akanawa, akamega tonge, akachovya mrenda, akaweka mdomoni. Uani kote macho yakamwelekea yeye. Sumaiya alikuwa amesimama, ameshika ncha ya leso kwa meno. Bi Kulthum akatafuna. Macho yakamtoka kidogo. Akameza. Akachukua kikombe cha maji, akanywa chote, akakirudisha.

"Niongeze," akasema.

Ua mzima ukalipuka. Watu wakala, wakanywa maji, wakala, wakanywa maji. Senge alisema kwamba hajala mboga tamu hivi tangu aolewe, na akaomba mtungi wa pili wa maji. Bilal alikula akimtazama mkewe kama mtu aliyemwona leo kwa mara ya kwanza, na masikitiko ya saruji yakamwisha kwenye paja la kuku.

Kesho yake Senge akaondoka. Na Jumatatu alfajiri Sumaiya aliamka kabla ya adhana, akaingia jikoni kwake. Kwake! Akagusa kuta. Akapanga kuni, akawasha, akaweka sufuria ya chai, akatia majani kwa kipimo chake, sukari kwa kipimo chake. Alikuwa na furaha ya kupigia kelele, lakini hakukuwa na wa kumpigia. Bilal alikuwa amelala. Aliimba kidogo, akaacha. Alikuwa hajazoea jiko lisilo na mtu wa kumwambia wacha, iko sawa.

Akasikia ndara uani.

"Hodi, mwenye jiko."

"Karibu, Mama!"

Bi Kulthum alisimama mlangoni, amejifunga leso yake ya kila siku, mkononi ameshika kipande cha bati. "Sikai. Nimekuja kuomba kaa moja la moto. Kwangu kiberiti kimeisha."

Alipoinama kupita mlango mdogo, fundo la leso kiunoni mwake likatikisika, na ndani yake njiti za kiberiti zikalia chaka-chaka, sanduku zima. Sumaiya alisikia vizuri. Akatazama moto wake, uliokuwa umekolea mpaka chini, makaa mekundu yamejaa kati ya mafiga.

"Wee Mama, kuni zangu mbichi," akasema. "Kaa bado halijashika. Itabidi ungoje."

"Litachukua muda?"

"Muda mrefu."

"Basi," Bi Kulthum akasema, akavuta kigoda, akaketi.